Pete ipi kwa kazi mbili? Ulinganisho wa viunzi vya heterosaikliki vya kupambana na vijidudu na kuzuia oksidisheni

Anayeanza utafiti wa kemia ya dawa mara nyingi huja na nia moja: atengeneze kampaundi mpya yenye pete ya heterosaikliki (pete ambayo, mbali na kaboni, ina atomi nyingine kama nitrojeni au salfa), iue bakteria na fangasi, na hiyohiyo izime radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake. Kisha hufungua makala za waliomtangulia na kukuta kila pete imesifiwa. Thiazoli inaua, triazoli inaua, pirazolini inaua, benzimidazoli inaua, na zote zimefanya vizuri kwenye jaribio la DPPH, radikali ya rangi ambayo hufifia inapozimwa. Wote wakisifiwa sawasawa, sifa hizo hazimsaidii mtu kuchagua. Hapa nazipanga bega kwa bega pete ninazoona zinafaa kuanzia, nikitazama zimethibitika wapi, zinatengenezwaje, na zinaweza kumdanganya mtafiti wapi.

Msimamo wangu nauweka mbele kabisa. Kazi hizi mbili kwa kawaida hazitoki sehemu moja ya molekuli. Uwezo wa kuua kijidudu hutegemea sana pete na namna inavyokaa ndani ya kimeng'enya cha kijidudu. Uwezo wa kuzima radikali hutoka zaidi kwenye haidrojeni iliyoshikwa kwa ulegevu, na mara nyingi haidrojeni hiyo iko kwenye fenoli iliyoning'inia pembeni ya pete. Kwa hiyo pete ichague kwa ajili ya kijidudu, tawi lichague kwa ajili ya radikali, halafu uone kama vinavumiliana. Pete chache zinaivunja kanuni hii, na kwangu hizo ndizo zenye mvuto zaidi.

Kazi yenyewe haihitaji kutetewa sana. Mwaka 2019 pekee, vifo milioni 1.27 duniani vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na bakteria sugu kwa dawa. Na uchambuzi wa mwaka 2014 wa dawa za molekuli ndogo zilizoidhinishwa Marekani ulikuta asilimia 59 zina angalau pete moja ya heterosaikliki yenye nitrojeni. Pete hizi ndizo lugha ya dawa, na kuzijua vizuri kuna faida hata pale kampaundi yako ya kwanza isipofika popote.

Imidazoli au triazoli?

Jibu la swali hili tayari limeandikwa kwenye historia ya dawa za fangasi. Ketokonazoli ina imidazoli, pete ya atomi tano yenye nitrojeni mbili. Flukonazoli ina 1,2,4-triazoli, tena mbili, kila moja na nitrojeni tatu. Zote zinagonga mlango mmoja: nitrojeni ya pete inashika chuma kilicho katikati ya kimeng'enya kinachoitwa lanosteroli 14-alfa-dimethilesi, fangasi anakosa ergosteroli, na utando wa seli yake unaharibika. Tatizo ni kwamba ini la binadamu nalo limejaa vimeng'enya vya jamii hiyohiyo vyenye chuma katikati. Imidazoli hushika chuma hicho kwa nguvu na bila kubagua sana. Triazoli hushika kwa ulegevu kidogo, hivyo sehemu nyingine za molekuli ndizo zinazoamua ikae kwa fangasi au kwa mgonjwa. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani ziliibana ketokonazoli ya kumeza kwa sababu ya madhara ya ini. Flukonazoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1990, bado inatumika kila siku.

Kwa hiyo kama shabaha yako ni fangasi, chukua 1,2,4-triazoli. Imidazoli ibaki kwa anayelenga bakteria wasiotumia oksijeni na protozoa, kwa njia ya metronidazoli, ambako kinachoua ni kundi la nitro linapopokea elektroni ndani ya kijidudu na kuharibu DNA yake. Huko lakini sahau habari ya kuzuia oksidisheni. Kundi la nitro huvuta elektroni kutoka kwenye molekuli nzima, na fenoli yoyote utakayoifunga kwenye mfumo huohuo wa elektroni itakuwa bahili wa haidrojeni yake.

Kuna pia 1,2,3-triazoli, ambayo imependwa sana tangu mwaka 2002 ilipogunduliwa njia ya kuunganisha azidi na alkini kwa kichocheo cha shaba, kazi iliyochangia Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2022 kwa Sharpless, Meldal na Bertozzi. Kwa urahisi wa kutengeneza, haina mpinzani: shaba salfeti, sodiamu askobeti, maji na pombe, joto la kawaida, na asubuhi unakuta mashapo yako yanakungoja. Azidi ndogo hulipuka, kwa hiyo hesabu atomi kwanza: jumla ya kaboni na oksijeni igawanywe kwa nitrojeni, na jibu lisipungue 3. Usiziweke azidi karibu na dikloromethani kamwe.

Ila mtazame mtu anayepeleka mashapo hayo moja kwa moja kwenye vipimo. Shaba iliyobaki ndani yake inaua bakteria. Askobeti iliyobaki ndani yake ni vitamini C, nayo inazima DPPH. Yaani uchafu wa mmenyuko mmoja unaweza kukupa matokeo yote mawili uliyokuwa ukiyatafuta, na triazoli yenyewe ikawa haijafanya lolote. Ukiona unga wako una rangi ya kijani au buluu hafifu, rudi ukaoshe kwa myeyusho wa EDTA au amonia, vinavyokamata shaba, mpaka rangi iishe, kisha usafishe upya. Na pete yenyewe, ikishashikwa pande mbili, haina haidrojeni ya kutoa. Ni kiungo imara cha kuunganishia vipande viwili vyenye kazi, na hapo ndipo ningeitumia.

Hidrazidi moja, pete tatu

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inakupa ulinganisho wa haki. Unaanza na esta ya asidi yenye fenoli, unaichemsha na hidrazini kupata hidrazidi, kisha unaongeza isothiosayaneti. Unapata asilithiosemikabazidi, fuwele nyeupe, mara nyingi safi hata bila kupitisha kwenye safu ya silika. Sasa ugawe mzigo huo mafungu matatu. Fungu la kwanza litie kwenye asidi kali, linafunga kuwa 1,3,4-thiadiazoli. La pili lichemshe kwenye sodiamu haidroksidi, linafunga kuwa 1,2,4-triazoli yenye thioni (C=S). La tatu litoe salfa kwa iodini kwenye besi, linafunga kuwa 1,3,4-oksadiazoli. Tawi ni lilelile na chupa ya kuanzia ni ileile, kilichobadilika ni pete tu. Ukipima zote tatu siku moja na kwenye sahani moja, tofauti utakayoiona imetoka kwenye pete.

Tahadhari mbili. Asidi ya salfuriki iliyokolea ikikutana na fenoli kwenye joto inaweza kupachika kundi la salfoneti kwenye pete ya benzini, kwa hiyo fanya kazi kwenye barafu au tumia asidi ya methanisalfoniki. Na iodini kwenye besi hupenda kujibandika kwenye fenoli. Ifunike fenoli kwa kundi la benzili kabla, uifunue mwishoni. Wako wanaotumia oksidi ya zebaki badala ya iodini. Sikushauri. Zebaki ikibaki hata kidogo inaua bakteria kuliko kampaundi yako.

Nini utegemee? Triazoli-thioni ndiyo pete ya kwanza inayovunja kanuni yangu. Ina N–H jirani na C=S, nazo hubadilishana umbo na kuwa S–H, haidrojeni ambayo radikali huichukua kwa urahisi. Hapa pete yenyewe inafanya kazi ya kuzima radikali, na salfa yake inashika metali pia. Thiadiazoli haina haidrojeni hiyo, lakini inapita vizuri kwenye mafuta ya utando wa seli, na ina ndugu kwenye dawa za kweli: sefazolini imebeba thiadiazoli kwenye tawi lake. Oksadiazoli ni tulivu kuliko zote mbili, imekubalika kwenye dawa ya virusi raltegraviri, ila kwa kuzima radikali inategemea tawi kwa asilimia mia. Anayetaka kazi zote mbili kwenye molekuli ndogo aanze na triazoli-thioni. Anayeogopa thioli (kundi hilo la S–H), na kuna sababu za kuiogopa nitakazozitaja kwenye vipimo, achukue thiadiazoli na fenoli nzuri.

Thiazoli: rahisi, na ina deni

Mmenyuko wa Hantzsch wa mwaka 1887 haujazeeka. Thiourea na bromoketoni kwenye ethanoli, kuchemsha saa moja au mbili, unazimua asidi kwa baikaboneti, na 2-aminothiazoli inatoka. Bromoketoni nyingi huwasha macho vikali, usizipime nje ya kabati la hewa. Ushahidi wa thiazoli kwenye dawa ni mkubwa: sefotaksimu na seftriaksoni zina aminothiazoli, na pete hiyo imechangia nguvu yao dhidi ya bakteria wa Gram hasi.

Deni lake liko kwenye ini. Sudoksikamu na meloksikamu ni dawa mbili za maumivu zinazotofautiana kwa methili moja tu kwenye thiazoli. Ya kwanza iliachwa baada ya kuumiza maini kwenye majaribio ya kitabibu, ya pili imo madukani. Nafasi ya tano ya pete ikiwa wazi, vimeng'enya vya ini huifungua na kutoa vipande vyenye sumu. Methili ikikaa pale, ini hushughulika na methili kwanza. Kwa hiyo ukichagua thiazoli, usiiache nafasi hiyo tupu. Na ukitaka ishike radikali, tumia thiosemikabazoni badala ya thiourea: unapata hidrazinili-thiazoli yenye N–H katikati ya molekuli, na ndiyo aina ya thiazoli ningeiweka kwenye orodha ya kazi mbili.

Pirazolini: mlango wa wasio na vifaa

Maabara isiyo na nitrojeni ya kufukuzia hewa wala viyeyushi vikavu bado inaweza kutengeneza pirazolini. Unachanganya asetofenoni na aldehidi kwenye sodiamu haidroksidi, chalkoni ya manjano inashuka, kisha unaichemsha na hidrazini. Zile zenye fenili juu ya nitrojeni hung'aa buluu chini ya taa ya urujuanimno, unaziona kwenye bamba la kromatografia kabla hujapima chochote.

Jamaa yake wa karibu, edaravoni, ni pirazoloni ya gramu 174 kwa moli, na ni ushahidi wa wazi kwamba pete ya namna hii inaweza kuwa dawa ya kuzima radikali bila fenoli. Iliidhinishwa Japani mwaka 2001 kwa kiharusi, na Marekani mwaka 2017 kwa ALS, ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli. Siri yake ni kwamba kwenye pH ya mwili sehemu kubwa ya molekuli zimeshapoteza protoni, na ioni hiyo hutoa elektroni kwa wepesi. Hii ni pete ya pili inayovunja kanuni.

Udhaifu wa pirazolini ni mwingi, lakini unatajika. Kaboni ya tano ina pande mbili za kioo, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na njia hii ya kawaida hukupa mchanganyiko sawa wa zote mbili, huku kimeng'enya cha kijidudu huenda kinatambua upande mmoja tu. Yenye N–H huru huoksidika polepole ikawa pirazoli ndani ya chupa, hivyo unachopima mwezi wa tatu sicho ulichotengeneza. Na chalkoni iliyosalia hujibandika kwenye protini za bakteria ikaua kwa nguvu zake yenyewe. Hata asilimia chache za chalkoni zinapotosha. Angalia NMR ya haidrojeni, kipimo cha sumaku kinachoonyesha haidrojeni za molekuli zimekaa wapi: pirazolini safi ina alama tatu za mgawanyiko wa mara mbilimbili kati ya ppm 3 na 5.5, na zile protoni za chalkoni zenye mgawanyiko mpana wa takriban hezi 15 zisiwepo kabisa.

Benzimidazoli na 8-haidroksikwinolini

Benzimidazoli nitaipitia haraka. Fenilini-diamini na vanilini, pamoja na sodiamu metabaisalfaiti, vinatoa kwa hatua moja benzimidazoli yenye fenoli tayari. Jina lake kubwa liko kwenye minyoo, kwa albendazoli na mebendazoli, na kwenye fangasi wa mimea. Kwa bakteria historia yake ni nyembamba. Ni chaguo zuri la mradi mfupi.

8-haidroksikwinolini inastahili muda zaidi, maana ni pete ya tatu inayovunja kanuni. Oksijeni na nitrojeni zake zimekaa kama koleo, zinakamata chuma, shaba na zinki. Kijidudu akinyang'anywa metali anadhoofika. Chuma kikifungwa, mmenyuko wa Fenton unaozalisha radikali hatari unapungua. Sababu moja, matokeo mawili. Nitroksolini, ya ukoo huu, imetumika kutibu maambukizi ya njia ya mkojo. Lakini klioquinoli, ndugu yake, ilihusishwa na ugonjwa wa neva ulioitwa SMON uliowapata maelfu ya watu Japani, na mwaka 1970 mauzo yake yalisimamishwa huko. Anayeichagua njia hii aweke kipimo cha sumu kwa seli za binadamu kwenye wiki ya kwanza, asisubiri mwisho.

Tawi la kushika radikali

Fenoli zote si sawa. Katekoli, yenye haidroksili mbili jirani, hushinda karibu kila jaribio la DPPH, na ningeikwepa. Ikishatoa haidrojeni inakuwa kwinoni, ambayo hujibandika kwenye protini yoyote. Baell na Holloway walipotoa mwaka 2010 orodha yao ya kampaundi zinazosumbua majaribio ya kila aina, katekoli na kwinoni zilikuwemo, pamoja na rodanini, pete ambayo bado inatengenezwa sana. Fenoli yenye metoksi moja jirani, kama ya vanilini, au metoksi mbili kama ya siringaldehidi, inatoa haidrojeni kwa hiari na haigeuki kwinoni ya namna hiyo kirahisi. Fenoli iliyozingirwa na matawi mawili ya tati-butili, kama BHT ya kuhifadhia vyakula, ni imara lakini polepole kwenye DPPH, kwa kuwa radikali yenyewe ni bonge na haipenyi.

Kipimo nacho kinachaguliwa

Diski kwenye agari ni rahisi, ila kampaundi zetu nyingi ni za mafuta na hazisambai kwenye agari. Duara dogo linaweza kumaanisha dawa dhaifu au dawa nzuri iliyokataa kutembea. Chagua mizimuo, yaani kuipunguza kampaundi hatua kwa hatua, kwenye sahani ya visima 96: mchuzi wa Mueller-Hinton, bakteria 5 × 10⁵ kwa mililita, DMSO isizidi asilimia 1, nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 20. Weka pembeni siprofloksasini, antibayotiki ya kulinganishia, kwa *E. coli* ATCC 25922 izuie ukuaji kati ya mikrogramu 0.004 na 0.016 kwa mililita, isipofanya hivyo sahani nzima imekosewa. Kampaundi inayozuia kwenye mikrogramu 100 haijawa dawa bado, hata ikiwa na jina refu.

Sasa ile hofu ya thioli. Kisima kikiwa na ukungu kwa sababu kampaundi imeshuka, wengi hutia rangi iitwayo resazurini: ikibaki buluu bakteria wamekufa, ikiwa ya waridi wako hai. Lakini kampaundi inayotoa elektroni inaweza kuigeuza resazurini kuwa ya waridi bila bakteria hata mmoja. Kwa maneno mengine, kadiri kampaundi yako ilivyo nzuri kwa radikali, ndivyo inavyoweza kuonekana mbaya kwa vijidudu. Weka safu ya visima vyenye kampaundi na mchuzi bila bakteria. Vikigeuka waridi, acha rangi hiyo, chukua tone kutoka kila kisima ulipande kwenye agari.

Upande wa radikali, DPPH husomwa kwenye nanomita 517, na kampaundi ya rangi ya chungwa au nyekundu huvuruga hapohapo. ABTS, radikali nyingine ya majaribio, husomwa 734, mbali na rangi nyingi. FRAP, kipimo cha uwezo wa kukipa chuma elektroni, hufanyika kwenye pH 3.6 na huzionea thioli, kwa hiyo triazoli-thioni isihukumiwe kwa FRAP peke yake. Ningefanya DPPH na ABTS, na kuandika matokeo kwa mikromoli. Kwa mikrogramu, kampaundi ya gramu 352 kwa moli inashindana na vitamini C ya gramu 176 ikiwa na nusu tu ya idadi ya molekuli.

Kwa hiyo nani achukue nini

Mwenye mwaka mmoja na vifaa vichache achukue pirazolini zenye tawi la siringili, azibebe zile zenye fenili juu ya nitrojeni ili zisioksidike. Anayelenga fangasi achukue 1,2,4-triazoli ya mtindo wa flukonazoli na aweke kuzuia oksidisheni nafasi ya pili. Mwenye NMR ya karibu na msimamizi mvumilivu aingie kwenye hidrazidi moja, pete tatu, kwa asidi ya vanili na isothiosayaneti nne au tano. Hizo ni kampaundi 12 hadi 15, kila moja na dada zake wawili wa kulinganishwa naye, na ndiyo kazi ambayo msomaji wa baadaye ataweza kuitumia hata kama hakuna hata moja iliyoipita siprofloksasini.

Kabla ya kuagiza kemikali, panga kutenga miligramu 20 za kila kampaundi utakayopata, kwenye chupa ya kahawia, gizani, kwenye friji. Baada ya miezi mitatu itoe, piga NMR upya, urudie kisima kilekile.